Nyuklia itamaliza blakauti Kenya? Na nani atawasimamia wasimamizi?

Dada mmoja wa Malindi mwenye biashara ya barafu na samaki kaniandikia, nafupisha kidogo: "Shikamoo Injinia. Nimesikia redioni eti tukipata nyuklia haya mambo ya stima kupotea nchi nzima yatakwisha. Sisi Kilifi tulikataa kinu kijengwe Uyombo, sasa wasema chapelekwa Siaya. Maswali yangu ni mawili. Kweli nyuklia itamaliza blakauti? Na hao watakaopewa kazi ya kukagua hicho kinu, nani anawakagua wao, manake serikali inayokitaka kinu ndio hiyo hiyo itakayowaajiri."

Marahaba dada yangu. La kwanza nakujibu moja kwa moja, hapana, haitamaliza, na kikiwekwa kinu kikubwa kwenye gridi (mtandao wa kusafirisha stima nchi nzima) kama hii yetu ya leo blakauti zaweza kuongezeka. La pili ndilo tamu zaidi na nitakaa nalo, ila nianze na stima yenyewe kwa sababu haya mambo mawili watu wanayatenganisha wakati hayatengani.

Tuangalie giza tulilolipata juzi juzi. Januari 2022 nguzo za laini ya Kiambere kuja Embakasi zilianguka pale Imara Daima, serikali ikasema ni watu wameng'oa vyuma, nchi nzima ikalala. Agosti 25, 2023 usiku, Kenya Power ikasema imepoteza megawati 270 za upepo kutoka Turkana, wenye upepo nao wakajibu la, sisi tulizimwa na volteji iliyopanda kupita kiasi kwenye gridi yenu. Septemba 6, 2024, saa tatu kasoro asubuhi, laini ya Loiyangalani, ile ya upepo wa Turkana, ikatripu, yaani ikajikata yenyewe, pale sabstesheni ya Suswa ikiwa imebeba megawati 288, laini ya Ethiopia nayo ikafuata na 200 zake, ghafla karibu megawati 488 hazipo, yaani zaidi ya robo ya stima yote iliyokuwa inatumika saa ile. Sasa niambie hapo ni wapi tulikosa mtambo wa kuzalisha. Hakuna. Stima ilikuwepo, kilichokosekana ni njia ya kupita na akiba ya kuziba pengo kabla gridi haijadondoka.

Ukiingia kontroli rumu yoyote ya gridi, iwe ile yetu ya Juja Road au ya nchi nyingine, kitu utakachokiona ukutani ni namba kubwa, 50.00 au hapo karibu, 49.97, 50.03, inacheza cheza tu. Hiyo ni frikwensi, yaani mapigo ya stima kwa sekunde, na mafundi wa zamu hata wakinywa chai jicho moja liko pale. Stima haiwekwi ghalani (betri bado ni chache), kinachozalishwa sekunde hii kinatumika sekunde hii, kwa hivyo mtambo mkubwa ukitoka ghafla mashine zilizobaki zinaelemewa na kuanza kwenda polepole na ile namba inashuka. 49.8, 49.5. Ikizidi kushuka relei, zile swichi za kinga, zinakata mitaa zenyewe bila kumuuliza mtu, ndio pale unaona upande mmoja wa barabara kuna giza na wa pili kunawaka. Mitaa ikikatwa na bado haitoshi, mitambo inajizima ili isiharibike, mmoja baada ya mwingine, na hiyo yote inaweza kuisha kabla mtu hajainua simu.

Kwa hivyo swali la injinia halianzii kwa megawati ngapi tunazo, linaanzia kwa mashine moja kubwa kuliko zote, ikidondoka sasa hivi, tutabaki na nini. Kanuni inayotumika sana kwenye mipango ya nyuklia, hata IAEA, shirika la kimataifa la nguvu za atomiki kule Vienna, wanaitaja, ni kwamba mashine moja isizidi kama asilimia 10 ya gridi. Kilele cha matumizi yetu mwaka 2025 kilivuka megawati 2,300, na hicho ni cha saa mbili usiku watu wakipika na kutazama TV. Saa nane za usiku matumizi hushuka mpaka karibu nusu ya hapo. Mpango unaotajwa wa kinu cha kwanza ni megawati 1,000, kwa hivyo asilimia 10 ya saa mbili usiku tushaipita mara nne, na saa nane usiku mashine moja itakuwa imebeba karibu nchi nzima. Ni kama kumkalisha mtu mmoja mzito mno kwenye tengo la ngalawa, akitulia mnaenda vizuri hata kuliko mwanzo, siku akiruka majini bila kuaga wote mko majini.

Watu wa bwawa la Nyerere kule Rufiji wanalijua hili, ule mradi ni wa megawati 2,115 lakini ni mashine tisa za 235 kila moja, ikiharibika moja unapoteza 235. Kinu cha nyuklia cha megawati 1,000 mara nyingi ni turbaini moja na jenereta moja. Huwezi kuzima nusu.

Halafu hiyo saa nane usiku ina jambo jingine ambalo wanasiasa hawalisemi. Tayari Olkaria kuna usiku ambapo mvuke wa ardhini unaachiwa uende hewani kwa kukosa wanunuzi wa stima, nchi imelala, viwanda vingi vimefungwa. Nyuklia hupenda kukimbia mwendo mmoja usiku na mchana, kwa hiyo ukiiweka leo ama utafunga jotoardhi yetu wenyewe au utafunga upepo wa Turkana ambao malipo yake yako kwenye mkataba. Mwaka 2040 matumizi yakiwa yamepanda sana hesabu itabadilika, sikatai.

Na nisiseme upande mmoja tu. Turbaini kubwa ya mvuke inayozunguka ni kitu kizuri kwa frikwensi, ule uzito wake wa kuzunguka unaizuia namba isishuke ghafla, jambo ambalo sola na upepo wa kawaida hauleti hivi hivi. Kuunganishwa na majirani pia kunasaidia, laini ya 400 kV ya Isinya kwenda Singida iliwashwa Desemba 2024 na Uganda tumeunganishwa miaka mingi. Ile ya Ethiopia ni DC (mkondo wa upande mmoja), inaleta megawati lakini haikupi ule uzito wa mashine zao moja kwa moja. Gridi ya Afrika Mashariki ikiwa moja kweli kweli, na akiba inayogawanwa na sheria inayoheshimiwa, mashine kubwa itakuwa na mahali pa kukaa. Ndio maana nasema gridi kwanza, kinu baadaye. Redioni wanaisoma kinyume.

Sasa tuingie kwenye swali lako la pili, na hapa ndipo stima na usalama zinakutana.

Watu wengi wanajua kinu kinaipa gridi stima, wachache wanajua kinu chenyewe kinaitegemea gridi. Ukizima kinu cha megawati 1,000 za umeme, ndani yake kulikuwa na joto la kama megawati 3,000, na sekunde ile umebonyeza kuzima bado kinatoa asilimia 6 au 7 ya joto hilo. Hapo ni karibu megawati 200 za joto, sawa na ile stima tuliyokuwa tunapokea kutoka Ethiopia asubuhi ya Septemba 6, na halizimiki kwa swichi, linapungua polepole kwa saa na siku, lazima pampu zisukume maji muda wote huo. Pampu zinataka stima. Stima inatoka kwenye gridi, na gridi ikifa inatoka kwenye jenereta za dizeli za kinu chenyewe.

Fukushima Daiichi kule Japani, Machi 11, 2011, hivyo ndivyo ilivyokuwa. Tetemeko lilikata laini zote za nje, vinu vilivyokuwa vinafanya kazi vikajizima vizuri kabisa, dizeli zikawaka. Chini ya saa moja baadaye mawimbi yakaingia, na dizeli nyingi zilikuwa zimewekwa vyumba vya chini vya majengo ya turbaini, zikazama. Vinu namba 1, 2 na 3 vikayeyuka. Jenereta moja tu ya kinu namba 6, iliyokuwa juu zaidi na inapozwa kwa hewa badala ya maji ya bahari, ilibaki inanguruma, na hiyo moja ikaokoa namba 5 na namba 6. Jenereta moja dada yangu! Nani aliamua ile ikae juu na zile zikae chini, na nani alikagua akaona sawa, hapo ndipo habari nzima ya usimamizi ilipo.

Kinyume chake ni Uhispania, Aprili 28, 2025, saa sita na dakika 33 mchana gridi yote ilianguka pamoja na ya Ureno, vinu vilivyokuwa vinafanya kazi vikatoka, dizeli zikawaka, hakuna kilichoyeyuka. Giza lilikuwa kubwa lakini lilibaki kuwa giza tu.

Hapa kwetu usiku ule wa Agosti 2023 uwanja wa ndege wa JKIA sehemu yake ilikaa gizani kwa masaa kwa sababu jenereta ya kusaidia ilikataa kuwaka, waziri wa uchukuzi wa wakati huo Kipchumba Murkomen akaomba radhi hadharani na mkurugenzi wa mamlaka ya viwanja akaondolewa. Mimi siwacheki, jenereta inayokaa bure mwaka mzima hukataa, kila fundi anajua, ndiyo sababu inatakiwa iwashwe mara kwa mara ikiwa na lodi halisi na mtu asiye wa pale aje atie sahihi. Kwenye kinu mtu huyo ni mkaguzi wa mdhibiti, na lazima awe na ubavu wa kusema leo hamwashi, dizeli namba mbili haijapita, hata kama Rais anakuja kukata utepe kesho.

Anao huo ubavu? Kwa karatasi Kenya tumejipanga vizuri kuliko wengi wanavyodhani. Kuna NuPEA, imetokana na ile bodi ya nyuklia ya 2012, iko Wizara ya Nishati na kazi yake ni kuendeleza nyuklia, kuitafutia eneo na kuipigia debe. Halafu kuna KNRA, mamlaka ya udhibiti iliyoundwa na sheria ya 2019 ikachukua nafasi ya ile bodi ya kinga ya mionzi ya zamani, ndiyo hii inayotoa leseni za mashine za eksirei hospitalini. Mpigadebe mbali, mkaguzi mbali. Jirani zetu Tanzania bado kofia zote mbili ziko kwa TAEC, tume yao ya nguvu za atomiki, inadhibiti mionzi na hapo hapo inahamasisha matumizi yake, na kwa vile uranium ya Namtumbo inaandaliwa kuchimbwa hilo ni jambo la wao kuliangalia mapema.

Marekani walikuwa hivyo hivyo mpaka 1974 walipoivunja tume yao ya atomiki na kumtoa mdhibiti peke yake, NRC. Japani walichelewa. Mdhibiti wao NISA alikuwa ndani ya wizara ile ile ya uchumi na viwanda iliyokuwa inaisukuma nyuklia, ofisa leo anakagua kesho anahamishwa dawati la kuendeleza, na Julai 2012 tume ya bunge lao ikaandika wazi kwamba Fukushima ni janga lililotengenezwa na binadamu, serikali, wadhibiti na kampuni ya TEPCO yenye vinu hivyo walikuwa wanalindana. Septemba mwaka huo wakaunda mdhibiti mpya nje ya wizara ile. Baada ya maji kumwagika, lakini walifanya.

Ila kutenganisha ofisi hakutoshi, na mfano mzuri tunao hapa hapa Afrika. Afrika Kusini wana Koeberg karibu na Cape Town, vinu viwili vya kama megawati 930 kila kimoja tangu miaka ya 80, na mdhibiti wao NNR ana sheria yake ya 1999. Kwenye bodi ya NNR sheria inatenga kiti cha mwakilishi wa jamii, akakaa Peter Becker, mtu anayejulikana kuipinga nyuklia. Mwaka 2022, wakati suala la kuiongezea Koeberg miaka 20 liko mezani, waziri Gwede Mantashe akamtimua, hoja ikiwa kwamba anapinga nyuklia kwa hiyo ana mgongano wa maslahi. Becker akaenda mahakama kuu ya Western Cape na Januari 2023 ikasema kufukuzwa kwake ni kinyume cha sheria. Mimi nilimfurahia jaji pale, manake kama kuwa na shaka ni kosa kwenye bodi ya usalama basi itabaki bodi ya kupiga makofi. Leseni ya kinu namba moja ilitoka 2024, mpaka 2044, kwa hiyo kumvumilia mpinzani hakukuua mradi wa mtu.

Koeberg hiyo hiyo, Desemba 2005, bolti iliachwa ndani ya jenereta ya kinu namba moja ikaichana chana, ikabidi rota, ile sehemu inayozunguka, iletwe kutoka Ufaransa, na Cape ikaonja mgao wa stima miezi kadhaa ya 2006. Tena wao gridi yao ni kubwa kuliko yetu mara nyingi. Bolti moja.

Wala usidhani ni Afrika tu. Marekani, Juni 2025, Trump alimfukuza kamishna wa NRC, Christopher Hanson, wiki tatu baada ya kutia sahihi amri ya kumtaka mdhibiti aharakishe maamuzi ya leseni yasizidi miezi 18. Kuharakisha sio dhambi, kuna ukaguzi mwingine ni wa kujaza faili tu, lakini mkaguzi akishajua kiti chake kinategemea mwendo wa kalamu yake hata ile sahihi halali inaanza kutiliwa shaka.

Wa kuiga, kwa maoni yangu, tuangalie Imarati, na ndugu zetu wengi wako kule wanajionea. Mdhibiti wao FANR walimuunda 2009, kabla hawajatia sahihi mkataba wa kujenga kituo cha Barakah na Wakorea Desemba mwaka huo huo. Kinu cha kwanza kilipangwa kuanza 2017, leseni ya kuendesha ikatoka Februari 2020, kwa sababu waendeshaji hawakuwa tayari. Pesa walikuwa nazo, haraka walikuwa nayo, wakasubiri. Leo Barakah ina vinu vinne na inatoa kama robo ya stima yao, kwenye gridi yenye kimo cha kubeba hivyo vinu. Demokrasia yao si ya kusifia, najua utaniuliza, lakini kwa hili walimpa mkaguzi muda wake.

Kwa hivyo ukitaka kupima KNRA usiangalie jina wala jengo, angalia nani anaweza kumfukuza bosi wake na kwa sababu zipi, pesa zake zinatoka kwa ada na bunge au kwa hisani ya hazina, na ana mainjinia wangapi wa vinu, si wa eksirei. Hilo la watu ndilo linaniumiza kichwa zaidi. Mtu wa kusoma hesabu za usalama za kinu na kumpinga muuzaji wa Kichina, Kikorea au Kifaransa hapatikani kwa tangazo la gazeti, ni miaka kumi ya kumlea, na akishaiva muuzaji huyo huyo anamuajiri kwa mshahara mara tano.

Na usikubali mtu akwambie IAEA watatusimamia. Walikuja 2015, wakarudi 2021, wakapitia maandalizi yetu mambo 19 na kutoa mapendekezo, kazi nzuri, lakini ni washauri. Wanakagua kwamba hutengenezi bomu. Kuzima kinu kibovu hawana mamlaka hayo, ni ya mdhibiti wa nchi peke yake.

Sasa kuna shimo moja ambalo sijaona likizungumzwa barazani. EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, anasimamia stima, bei na kanuni za gridi. KNRA anasimamia mionzi na kinu. Ule waya unaoingia kwenye kinu, ule wa kuendesha pampu siku mbaya, ni wa nani? Utajengwa na KETRACO, kampuni ya serikali ya laini kubwa za stima, utaendeshwa kutoka Juja Road, na KNRA hana sauti juu ya KETRACO isipokuwa aweke sharti ndani ya leseni ya kinu, kwamba bila laini mbili zisizopita nguzo moja, na gridi yenye rekodi ya kutoanguka mara kadhaa kwa mwaka, leseni haitoki. Akiliweka sharti hilo kwa dhati, serikali italazimika kutengeneza gridi kwanza, na hapo ndipo kile walichokwambia redioni kinaweza kuja kuwa na ukweli kidogo, blakauti zitapungua, lakini zitapunguzwa na laini na akiba na betri.

Wanaokuja na hadithi ya vinu vidogo, nawasikiliza zaidi. Cha megawati 300 hivi kwenye gridi ya 2,300 ni asilimia 13, si mbaya, ila vilivyopo duniani vinavyofanya kazi ni vya kuhesabu vidole, kama ile meli ya Warusi pale Pevek yenye viwili vya 35.

Mkiitwa tena barazani, Kilifi au jamaa zako wa Bondo kule Siaya, mnayo haki kikatiba na msiende na mabango peke yake. Mnakumbuka makaa ya mawe ya Lamu, megawati 1,050, mahakama ya mazingira ilifuta leseni yake Juni 2019 kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa, na kule walishinda kwa nyaraka. Ombeni utafiti wa gridi wa kinu hicho, ule unaoonyesha kikitripu saa nane usiku frikwensi inashuka mpaka ngapi na mitaa ipi inakatwa, muulize KNRA ameupitia au ameletewa tu. Ukiupata nitumie, kurasa za lodi za usiku ndizo nataka kuanza nazo.